Kabla Hujavunja Jiko la Ndani

Wadogo zangu, barua za mwezi huu zimekuja na swali moja, kila mmoja akiliuliza kwa namna yake. Mmoja yuko Najjera, ameolewa juzijuzi, mume kakubali jiko litengenezwe upya, lakini kila akifungua redio anaahirisha. Mwingine yuko Kibuli kwenye nyumba ya urithi. Ndugu wamechanga, pesa ipo, na sasa wanabishana kama huu ni wakati wa kuvunja ukuta. Wa tatu hakusema anaishi wapi. Kaandika tu: Dada, nchi ikichafuka na jiko langu halina sinki, nitafanyaje?

La kungoja nalimaliza upesi. Usingoje. Ukisubiri Kampala itulie utazeeka na bomba linalovuja. Hebu tazama kalenda. Kiangazi kizuri cha kujenga ni Desemba hadi Februari, na ndiyo miezi yetu ya kupiga kura: 18 Februari 2016, 14 Januari 2021, 15 Januari 2026. Ndiyo pia miezi ambayo fundi amekwenda kijijini kula Krismasi, simu yake imezimwa. Ukikwepa siasa unakutana na mvua ya Machi hadi Mei. Ukikwepa hiyo, inakungoja ya Septemba hadi Novemba. Na yule aliyejiona mjanja akapanga kazi katika kiangazi cha Juni 2021, tarehe 18 ya mwezi huo alifungiwa ndani na amri ya korona kwa siku 42 pamoja na sisi wengine. Wakati salama haupo, mdogo wangu. Kilichopo ni mpangilio wa kazi.

Na mpangilio wangu ni huu: usiguse jiko la ndani mpaka umejenga la nje.

Najua mnakunja pua. Lakini zungukeni nyumba za mji huu mwone. Ndani kuna kaunta ya granaiti, makabati yanayojifunga taratibu bila kugonga, na jiko la gesi linalong'aa kwa sababu halitumiki. Nyuma, kwenye kibaraza cha dada wa kazi, kuna sigiri mbili na sufuria kubwa iliyofunikwa kwa majani ya migomba, na hapo ndipo nyumba nzima inapopikiwa. Matooke yanataka mvuke wa saa nyingi na moto wa chini usiozimika. Hakuna mwenye akili anayemaliza mtungi wa gesi kwa ajili ya matooke. Maharage vivyo hivyo, na luwombo, ule mchuzi wa kufungwa kwenye majani ya migomba, ndiyo usiseme. Sasa kwa nini kila mwenye vijisenti anaanzia kwenye jiko la kuonyesha wageni, na mpishi halisi anaachwa nyuma kwenye mvua na moshi? Hili linaniudhi tangu zamani.

Kwa hiyo anza nyuma. Sakafu ya zege yenye mteremko kidogo ili maji yatoke. Paa la mabati lililotokeza vya kutosha, mvua ya upepo isimfikie anayepika. Ukuta wa nusu tu, juu pawe wazi. Meza ya zege inayofika kiunoni, ili sigiri zikae juu yake na mtu asipike ameinama kama anapalilia. Bomba moja, sinki ya chuma, taa moja, na mahali pa mtungi wa gesi penye kivuli. Ni kazi ndogo kwa mwashi anayejua kazi yake, na gharama yake ukiilinganisha na ya granaiti utacheka. Kibanda hicho ndicho kitakachokulisha wakati ndani kumevunjwa, na ndani kukikamilika utaendelea kukitumia kila siku.

Nisisitize lile la juu kuwa wazi. Wakati wa ujenzi watu huhamishia sigiri chumbani, au kwenye veranda iliyozibwa kwa turubai ili vumbi lisiingie. Usithubutu. Makaa yaliyokwisha kushika moto hayatoi moshi wa kuonekana, lakini hewa yake inaua watu wakiwa usingizini. Afadhali mle mkate na chai.

Tena usitegemee moto wa aina moja. Zamani tulidhani makaa hayawezi kukosekana Kampala. Kisha Mei 2023 Rais akatoa amri ya kupiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara huko kaskazini, ambako magunia yetu mengi yalikuwa yanatoka, na kila mama wa mjini akaisikia amri hiyo mfukoni. Gesi nayo inaletwa kutoka nje. Umeme una siku zake, ingawa tangu 2022 kuna bei nafuu ya kupikia kwa anayevuka uniti 80 kwa mwezi, hivyo sufuria ya umeme ya kuchemshia maharage si anasa tena kama ilivyokuwa. Uwe na njia mbili angalau. Na Yaka, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, ijazwe mapema, usisubiri ianze kulia usiku.

Wanaoniona naongeza chumvi nawakumbusha mwaka 2020, korona ilipoingia. Mwanzoni mwa Aprili maduka yasiyouza chakula yalifungwa, na ya vifaa vya ujenzi yakiwemo. Hayakufunguliwa mpaka tarehe 5 Mei. Aliyekuwa ameng'oa sinki mwishoni mwa Machi, akitarajia kwenda Nakasero Jumatatu kuchukua nyingine, alikaa zaidi ya mwezi na bomba lililofungwa kwa kipande cha mpira. Ndani ya mwezi huo Ramadhani ikaingia. Hebu fikirini futari ya nyumba nzima, uji, mihogo, sambusa, vyombo vya daku vya kuosha saa kumi alfajiri, na maji yanatoka bafuni. Magari ya abiria yalikuwa yamezuiwa tangu 25 Machi, na saa moja usiku hakuna kutoka. Maeneo ya ujenzi yaliruhusiwa kuendelea, ndiyo, kwa sharti kwamba wafanyakazi walale hapo hapo. Ni nani kati yetu ana pa kulaza mwashi, fundi bomba na vibarua wawili?

Hapo ndipo ninapotoa amri ya pili, kwa ukubwa wangu: nyundo isipigwe ndani mpaka vifaa vyote viko chini ya paa lako. Simaanishi viko dukani umeshalipia. Simaanishi fundi kasema anavyo kwa shemeji yake Ndeeba. Viwe kwako, umevishika.

Sababu yake haiko Uganda peke yake. Nchi yetu haina bahari. Sinki yako, bomba, bawaba za makabati, waya na vigae vingi vya kutoka nje vimeteremshwa Mombasa vikapanda lori mpaka Malaba au Busia. Wakenya wakigombana, wewe wa Ntinda unalala giza. Baada ya uchaguzi wao wa Desemba 2007 reli iling'olewa Kibera, malori yakakwama, na Januari 2008 Kampala ikapanga foleni ya petroli. Januari 2022 haikuwa hata vita: madereva wa malori waligoma mpakani kwa sababu ya vipimo vya korona, mafuta yakaadimika hapa mjini. Na upande wa pili, mbao ngumu nyingi unazoziona zimesimamishwa Ndeeba zimevuka mpaka kutoka Kongo. Ukitaka makabati ya mahogani, habari za Ituri na Kivu zinakuhusu kama zinavyomhusu mwenye duka.

Lakini msikimbilie kulundika kila kitu. Vigae, sinki, bomba, waya, swichi, hivyo vinakaa hata mwaka. Vigae nunua na vya ziada, kumi katika kila mia, kutoka kundi moja la kiwandani, maana ukirudi baadaye utapewa rangi inayokaribiana na ugomvi utadumu ukutani. Mbao zinafaidika kwa kukaa. Ule ubao mbichi wa Ndeeba ukiupiga msumari leo, baada ya kiangazi mlango wa kabati haufungi. Saruji ndiyo haingoji. Inanyonya unyevu hata ndani ya mfuko, kwa hiyo inunue mwisho kabisa, ikae juu ya mbao mbali na sakafu na ukuta. Na ile mbao laini ya kiwandani wanayoiita MDF, nzuri kwa macho, isiwekwe chini ya sinki. Tone moja kwa siku linatosha kuifanya ivimbe.

Ramani na vipimo viandike kwenye karatasi. Hili ni kwenu vijana mnaoweka picha zote kwenye simu. Jioni ya 13 Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima na haikurudi mpaka tarehe 18; Januari 2026 tukazimiwa tena siku mbili kabla ya kura. Fundi makabati hawezi kukata ubao kwa picha iliyobaki WhatsApp. Chora, andika sentimita, bandika ukutani kwa msumari. Pesa nazo zifikirieni hivyo hivyo. Siku ya kura ya 2016 walizima hata huduma za pesa za simu. Weka noti za kumtosha fundi juma moja, zisizidi hapo, na mtaa mzima usijue.

Juma la uchaguzi lenyewe, au siku yoyote ambayo mji unanuka tairi, kuna mambo mawili ambayo fundi hatakwambia. La kwanza ni vifaa vyake. Mtu aliyebeba mkobani nyundo, tindo na panga, akakutana na kizuizi cha askari, atakuwa na maelezo marefu ya kutoa. Mwambie aviache kwako, kwenye chumba kinachofungwa. La pili ni kile kifusi nje ya geti. Tarehe 18 na 19 Novemba 2020, mgombea urais Bobi Wine alipokamatwa Luuka, barabara za mji zilizibwa kwa kila kilichoweza kuburutwa, na serikali yenyewe baadaye ilikiri kwamba watu 54 walikufa. Tofali zilizovunjika, kokoto na vipande vya mbao usiviache barabarani hata usiku mmoja. Lipa kibarua aviingize ndani ya ua au vichukuliwe na lori siku hiyo hiyo.

Sasa fundi mwenyewe. "Nnyabo, kesho asubuhi niko hapo." Mnacheka kwa sababu mnaijua. Usimlipe kwa siku, mlipe kwa kazi iliyokwisha: bomba limepitishwa na maji yamejaribiwa, lipa, vigae vimekauka na havitoi sauti ya utupu ukivigonga, lipa. Malipo ya mwanzo yawe nauli na chakula tu, vifaa umenunua wewe. Ila ukiwa mkali kwenye pesa, uwe mpole kwenye saa. Tangu Julai 2020, bodaboda zilikuwa marufuku kubeba watu baada ya saa kumi na mbili jioni, na ilichukua mpaka Januari 2022 amri ya kutotoka usiku kuondolewa. Katika muda wote huo mwashi anayekaa Kawempe au Nansana hakuwa mvivu alipokusanya vyombo saa tisa alasiri. Alikuwa anawaogopa LDU, wale askari wa mgambo, na fimbo zao. Mkiingia tena siku za namna hiyo, aanze saa moja asubuhi na umwache aende mapema. Mchana mpe posho, yaani ugali, na maharage ya sufuria moja na yenu. Akitoka kwenda kutafuta kikomando, ile chapati ya kukatwakatwa na maharage, barabarani harudi upesi, na siku zikiwa mbaya huenda asirudi kabisa.

Mnaoishi na wakwe, mama mkwe aulizwe kabla ya mwashi. Sitaeleza zaidi.

Limebaki la yule aliyeniandikia kwamba anaona haya: watu wanakufa, wengine wamefungwa, yeye anachagua rangi ya vigae. Naielewa haya hiyo, tena inakupendeza. Lakini unafuta kazi ya nani ukiahirisha? Mashangazi na wajomba wenye mishahara waliipita 2020 wakilalamika tu. Waliolala na njaa ni mwashi, kibarua, dereva wa bodaboda, mama muuza chakula kando ya ujenzi, wale ambao jana yao haikuacha akiba ya leo. Granaiti inaweza kungoja, hiyo nakubali, na kama moyo unakusuta toa pesa yake sadaka. Ila kibanda cha nyuma kijengwe, maana siku barabara zikifungwa ndugu watakuja kwako na watoto wao, na watakula. Na fundi wako ukimlipa Jumamosi, mlipe kabla ya saa tisa, apite dukani kununua unga wa wanawe kungali wazi.