Paka Akigoma Kula kwa Mafua

*Daktari wa mifugo anajibu maswali ya wafugaji*

Nitajuaje kama paka wangu ana mafua?
Atapiga chafya mfululizo, macho yatajaa tongotongo na pua itachuruzika. Kamasi ikigeuka nzito, ya njano au kijani, mara nyingi bakteria nao wameshaingia. Akidondosha mate, mfunue mdomo umtazame ulimi: vidonda huashiria kalisivirusi. Virusi vya hepesi hupenda zaidi macho. Mafua mengi ya paka hutokana na hao wawili.

Nilikuwa na mafua wiki iliyopita. Nimemwambukiza?
Hapana. Ameyapata kwa paka mwenzake.

Hajala tangu jana. Nimwache mpaka njaa imshike?
Usimwache, nakusihi. Paka hula kwa pua. Asiposikia harufu, hata umwekee changu mzima atageuza uso. Akikaa siku mbili tatu bila kula, hasa akiwa mnene, mafuta ya mwilini hukimbilia kwenye ini, na hapo kumrudisha ni kazi kubwa. Chovya pamba kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, uiweke puani mpaka gamba la kamasi lilainike, ndipo ulifute. Usilibandue likiwa kavu. Kaa naye bafuni dakika kumi pamoja na ndoo ya maji ya moto, asiifikie, avute mvuke. Kisha pasha samaki mpaka anukie, bila kitunguu maana ni sumu kwake, umpake kidogo mdomoni. Mara nyingi akisharamba mara moja, hufuata sahani mwenyewe.

Nimpe robo ya panadoli?
Hata chembe! Mwili wa paka hauwezi kuivunja parasetamoli. Niliwahi kuletewa paka aliyepewa tembe moja. Fizi zilikuwa na rangi ya matope, na jioni hakuifikia. Antibayotiki nazo haziui virusi. Daktari ndiye aamue.

Nimpeleke kwa daktari lini?
Leo hii, akihema mdomo wazi, jicho likiingia ukungu, au akiwa kitoto kilichoacha kula. Wengine hupona ndani ya siku 7 hadi 10.

Akipona, yamekwisha?
Hepesi hubaki mwilini maisha yote na huweza kuamka akisumbuka, kama mnapohama nyumba. Chanjo haizuii kila kitu, ila huyafanya mafua kuwa mepesi: ianze akiwa na wiki 8, irudiwe kila wiki 3 au 4 mpaka afikishe 16. Mgonjwa mtenge na wenzake, na sahani yake ioshwe kwa sabuni, kisha kwa jiki iliyozimuliwa na kusuuzwa vizuri, kwani kalisivirusi huweza kukaa wiki kadhaa kwenye vyombo.