Marathoni ya Kwanza: Amua Mapema Utakachoacha

Kila mwaka kuna watu wanaoapa kwamba safari hii watakimbia kilomita 42.195. Wengi huishia kununua raba. Lengo kubwa lina gharama, na anayefika mwisho ni yule aliyekubali kuilipa mapema. Kama umeipania Kilimanjaro Marathon, inayofanyika Moshi kati ya mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi, jifunge kibwebwe hivi.

1. Jisajili kabla hujajiona uko tayari. Lipa ada, tafuta mahali pa kulala Moshi, kisha hesabu kurudi nyuma. Mtu anayeweza tayari kukimbia kilomita nane bila kusimama anahitaji miezi minne hadi mitano, kwa hiyo Oktoba uwe umeshaanza. Kama hukimbii kabisa, mwaka huu lenga kilomita 21, na 42 uziachie mwaka ujao. Mwenye presha, kisukari au tatizo la moyo amwone daktari kwanza.

2. Andika utakachoacha. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Dar es Salaam, ukitoka saa moja na nusu asubuhi jua limeshakuwahi. Itakubidi uwe barabarani saa kumi na moja alfajiri, na hilo linataka uwe kitandani saa tatu usiku. Basi mechi za Ulaya za saa tano usiku utapata matokeo yake asubuhi. Harusi ya Jumamosi utahudhuria, utatoa pongezi, na utaaga mapema. Mweleze mwenzi wako jambo hili kabla hujaanza, maana na yeye atabeba sehemu ya mzigo. Miezi hiyo usijiongezee biashara mpya wala kozi ya jioni: njia mbili zilimshinda fisi.

3. Ilinde Jumapili. Siku nne za mazoezi kwa wiki zinatosha. Tatu ziwe fupi, na Jumapili iwe ya mbio ndefu. Anza na kilomita 10, ongeza moja au mbili kila wiki, na kila wiki ya nne punguza ili mwili upumzike. Ufikie 30 au 32 wiki tatu kabla ya siku yenyewe, kisha uanze kushusha. Kimbia kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Njia ya Moshi ina mpando mrefu wa kuelekea Mweka, hivyo aliyezoea tambarare za pwani atafute vilima, kama vile vya Pugu, angalau mara moja kwa wiki.

4. Weka daftari. Eliud Kipchoge, bingwa wa Olimpiki mara mbili, huandika mazoezi yake kwa mkono. Nyumbani kwake ni Eldoret, lakini akiwa kwenye maandalizi siku nyingi za wiki hulala kambini Kaptagat na wenzake. Wewe huna kambi, ila daftari unaweza kuwa nalo. Andika tarehe, umbali, muda, saa ulizolala na mahali panapouma. Lisome kila Jumapili jioni. Ukiona wiki mbili zenye mapengo, rudi kwenye hatua ya pili, kwa sababu kuna kitu ulichoahidi kuacha ambacho bado umekishikilia.

5. Jiandae kwa siku mbaya. Ukikosa siku moja, iache ipite. Ukiilipa kwa kukimbia mara mbili kesho yake unajitafutia jeraha. Uchovu wa mwili mzima ni wa kawaida. Maumivu ya sehemu moja yanayozidi kila siku yanataka mapumziko na mtaalamu. Mpango wote ukiharibika, badili njia. Mwaka 2012 Kipchoge alikosa nafasi katika timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Mwaka uliofuata aliingia marathoni na kushinda Hamburg, na mwaka 2019, katika jaribio maalumu jijini Vienna, alikimbia umbali huo kwa saa 1:59:40.

Kwa hiyo kabla hujaenda dukani kutafuta raba, chukua karatasi uandike mambo matatu utakayoacha hadi siku ya mbio. Ukishindwa kuyataja, subiri mwaka mwingine. Ukiyataja, lipa ada leo.