Neno "Shock" Linapofika Wodini

Ndugu wa mgonjwa anapoambiwa, "Mama amepata shoku," huenda swali lake la kwanza likawa: nani aliyempa habari mbaya? Halishangazi, kwani kwa Kiswahili hali hiyo huitwa mshtuko, na anayeshtuka ni mtu aliyepatwa na hofu. Lakini mama aliyetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua hakushtushwa na yeyote. Mzunguko wa damu yake umeshindwa kufikisha oksijeni ya kutosha kwenye viungo, na maisha yake yamo hatarini.

Utata huo ulianza katika Kiingereza chenyewe. "Shock" lilitoka katika Kifaransa, "choc", nalo katika karne ya 16 lilikuwa neno la vita: kugongana kwa majeshi mawili. (Wakulima wa Uingereza wana "shock" jingine, miganda ya nafaka iliyosimamishwa shambani ikauke, tahajia ni moja, nasaba ni mbalimbali.) Katika tiba liliingia kwa njia ya majeraha ya risasi. Tafsiri ya Kiingereza ya kitabu cha mpasuaji Mfaransa Henri François Le Dran, iliyotoka mwaka 1743, ililitumia kwa kishindo ambacho risasi huupiga mwili. Kudhoofika kunakofuata kulipewa jina hilo baadaye. Kisha mwaka 1915 Charles Myers aliandika katika jarida la The Lancet juu ya "mshtuko wa makombora" wa askari waliovurugika akili vitani, na maana ya mwili na ya nafsi zikazidi kuchanganyika.

Kiswahili kimeurithi mchanganyiko huo wote. Mshtuko wa moyo, ambao ni misuli ya moyo kukosa damu, husikika kama hofu tu.

Kwa hiyo ni afadhali mhudumu aseme waziwazi: "Damu imepungua mno, haifiki vizuri kwenye ubongo na figo, tunahitaji wachangiaji sasa hivi." Sentensi hiyo humtoa ndugu kwenye kumsaka mchokozi na kumpeleka benki ya damu.

Nyumbani nako, mzazi mwenye ngozi baridi yenye jasho, mapigo ya haraka na hafifu, pumzi za upesi au fahamu zilizovurugika asipepewe na kubembelezwa atulie. Alazwe chali, afunikwe asipate baridi, asipewe chakula wala kinywaji, na apelekwe hospitali bila kungoja.