KUJENGA MAKTABA YA MADIRISHA KATIKA TARAKILISHI

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa haraka haraka haina baraka. Methali hii nilikuwa nikiiandika kwenye insha tu, hadi siku ya maonyesho ya chama chetu iliponiumbua mbele ya wazazi na walimu. Ninaandika somo hili ili lisikupate lililonipata.

MAKTABA NI NINI?

Kwa mwandishi wa programu, maktaba si nyumba ya vitabu. Ni kazi iliyokwisha kufanywa na wengine, nawe unaiazima. Dirisha, kitufe, menyu na kisanduku cha kuandikia, vyote ungeweza kuvichora mwenyewe nukta kwa nukta, lakini ungezeeka kabla hujamaliza.

Maktaba niliyotumia inaitwa FLTK. Ilianzishwa Marekani na Bwana Bill Spitzak miaka ya 1990, na imeandikwa kwa lugha ya C++. Niliichagua kwa sababu mbili. Kwanza ni ndogo, na tarakilishi zetu si mnazijua, ni kuukuu. Pili ni ya msimbo huria, yaani matini yake yako wazi. Yeyote aweza kuyasoma, kuyarekebisha na kuyatumia bila kulipa hata ndururu.

Nia yangu ilikuwa kuunda programu ya ngeli. Ukibofya kitufe cha KI-VI, unaona kiti na viti. Ukibofya LI-YA, unaona jicho na macho.

HATUA ZA KAZI

Mwalimu wa tarakilishi alinipakulia toleo 1.3.8 akanitilia kwenye flashi. Mashine zetu zinatumia Linux. Kazi ni kama ya fundi anayejenga kibanda.

1. Kufungua mzigo. Andika: tar xzf fltk-1.3.8-source.tar.gz. Kisha ingia ndani: cd fltk-1.3.8.

2. Kusanidi. Andika: ./configure --enable-shared. Hapa fundi anakagua kama mchanga, saruji na mabati vipo. Mara ya kwanza mimi nilikataliwa! Mashine ilikuwa na madirisha, lakini haikuwa na faili za kujengea programu za madirisha. Tukaweka kifurushi kiitwacho libx11-dev, nikarudia, ikakubali. Funzo: soma ujumbe wa mwisho kwenye skrini, usikimbilie kulia.

3. Kujenga. Andika: make. Maandishi yatateremka kama mvua ya masika. Wacha yateremke. Yakiisha, ingia folda ya test ujaribu programu zilizomo. Kuna hata mchezo wa drafti, uitwao checkers. Ukicheza, jua maktaba imejengeka.

4. Kusakinisha. Andika: sudo make install. Neno sudo ni kama kuomba ruhusa ya mwenye ploti. Faili za maktaba zinawekwa katika /usr/local/lib. Halafu andika: sudo ldconfig. Usiruke amri hii. Kitabu kikiwekwa rafuni bila kuandikwa kwenye kadi za mkutubi, msomaji ataambiwa hakipo. Mashine nayo ni vivyo hivyo.

Sasa unaweza kuunganisha programu yako na maktaba:

g++ -o ngeli ngeli.cxx $(fltk-config --cxxflags --ldflags)

Mpango mdogo uitwao fltk-config ndio unaokumbuka maktaba imekaa wapi, wewe huna haja ya kukariri.

SIKU YA AIBU

Programu yangu ilifanya kazi vizuri sana. Mimi ni wa shule ya kutwa, saa kumi na nusu lazima niwahi matatu, kwa hivyo sikuijaribu popote pengine. Asubuhi ya maonyesho niliinakili kwenye flashi, nikaipeleka kwenye mashine ya ukumbini. Wazazi wameketi. Mama yangu yuko safu ya pili. Nikaandika ./ngeli, na badala ya dirisha nikapata mstari mmoja wa kusema kwamba libfltk.so.1.3 haionekani. Jasho lilinitoka! Mlezi wa chama akasema kwa upole, "Basi tuanze na mashairi, mwanangu. Wewe kajaribu tena."

Nikaketi nje nikiwaza. Kumbe kuna njia mbili za kuunganisha. Njia ya kwanza ni maktaba ya kushirikiwa: programu inabaki ndogo, lakini kila mashine lazima iwe na maktaba yenyewe. Ile ya ukumbini haikuwa nayo. Njia ya pili ni kuibeba maktaba ndani ya programu: faili inanenepa, lakini inasafiri na chakula chake. FLTK ilikuwa imejenga zote mbili, nami sikujua. Nikakimbia maabara, nikabadilisha neno moja tu, --ldflags likawa --ldstaticflags, nikaunganisha upya. Shairi la tatu lilipokwisha, dirisha la ngeli lilifunguka ukumbini. Mama alipiga makofi kabla hata sijabofya kitu.

Ndugu mwanafunzi, programu inayofanya kazi kwenye mashine yako bado haijakamilika. Ijaribu pale itakapotumiwa, tena mapema.

ZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya kusanidi, kujenga na kusakinisha.
2. Kwa nini amri ya ldconfig pekee isingeniokoa ukumbini?
3. Taja faida moja na hasara moja ya programu inayobeba maktaba ndani yake.
4. Dirisha, kitufe na menyu zimo katika ngeli gani? Tunga sentensi kwa wingi.