SOMO LA HODI: ADABU ZA MLANGONI KWA WATOTO

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad:

Mtoto hutumwa mlangoni kabla hajajua kusoma. Basi mlango ndio chuo chake cha kwanza cha kuishi na watu, na yampasa baba kujua kinachosomeshwa hapo. Mambo yenyewe ni manne.

La kwanza: Kutaka idhini. Katika Suratun-Nur, aya ya 27, Waumini wamekatazwa kuingia nyumba zisizo zao mpaka watake idhini na wawatolee salamu wenyewe. Aya ya 58 imewataja hata watoto wasiobaleghe: watake idhini kabla ya sala ya alfajiri, na adhuhuri watu wavuapo nguo zao, na baada ya sala ya isha. Wakisha kubaleghe, aya ya 59 yawataka idhini kila wakati. Basi mtoto aanze kwao, penye chumba cha wazee wake, kabla ya kutumwa kwa jirani.

La pili: Kusimama na kujitaja. Mtume (S.A.W.) hakuuelekea mlango wa mtu kwa uso; alisimama upande wa kulia au wa kushoto. Mtoto naye asichungulie. Akiulizwa, "Nani?", ataje jina lake na la babake. Jabir bin Abdillah alijibu, "Mimi," na Mtume akalichukia jawabu hilo, kwani "mimi" haimjulishi mtu.

La tatu: Kurudi. Hodi ni mara tatu, asipoitikiwa, arudi. Abu Musa Al-Ash'ari alibisha kwa Sayyidna Umar katika ukhalifa wake, naye ameshughulika. Abu Musa akarudi. Alipoulizwa sababu alitaja amri ya Mtume, na Umar akamtaka shahidi. Ansari wakampeleka aliye mdogo wao, Abu Said Al-Khudri, akashuhudia. Adabu hii waliijua hata wadogo.

La nne: Kujibu hodi. Hapa ndipo wengi wajikwaapo. Hodi yapigwa, baba amejinyosha, naye humwambia mwanawe, "Mwambie baba hayupo." Pengine mtoto husema, "Baba amesema hayupo," na watu wakacheka. Si jambo la kucheka. Mtoto amejifunza ya kuwa uwongo wafaa penye haja, na ya kuwa babake ni msema uwongo. Kesho akimdanganya mzee wake, fimbo haitalifuta somo hilo.

Mama wa Abdullah bin Amir alimwita mwanawe aje ampe kitu. Mtume akamwuliza atampa nini, akasema, tende. Akamjulisha ya kuwa lau asingempa, angeandikiwa uwongo. Ikiwa tende ina hisabu, je, uwongo wa mlangoni?

Wala hapana haja ya uwongo. Aya ya 28 yamwamrisha mgeni akiambiwa rudi, arudi, na huko ndiko kutakasika zaidi kwake. Basi mtoto afundishwe kusema: "Shikamoo, ami. Baba amepumzika, tafadhali rudi baada ya laasiri." Na mgeni aondoke kwa moyo safi, asinune wala asisimulie barazani kuwa amefukuzwa. Kununa kwa wageni ndiko kuwafundishako wenye nyumba uwongo. Na kila mwanamume ni mwenye nyumba leo na mgeni kesho.

Mwenyezi Mungu awaongoze Waislamu na watoto wao katika kweli. Amin.