Matoleo mawili ya dsmadmc kwenye Linux moja

Seva ya zamani ya nakala rudufu bado imeshikilia kanda za miaka mingi. Mpya imeshaanza kazi. Zote ni za IBM, ukoo wa Tivoli Storage Manager, nawe unataka kuzisimamia ukiwa umekaa kiti kimoja.

Usilazimishe kusakinisha toleo la pili la dsmadmc, programu ya kusimamia seva hizi kwa amri. Ama rpm itagoma, ama italifuta la kwanza. Fungua kifurushi kwa rpm2cpio na cpio ndani ya folda ya peke yake, tuseme /opt/tsm71. Rpm haitakuwa na habari na faili hizo, kwa hiyo andika mahali ulichofanya. Atakayepokea kazi baada yako hataki mafumbo.

Kazi yenyewe iko hapa. Kabla ya kuita dsmadmc, elekeza DSM_DIR kwenye folda ya toleo hilo, yenye dsm.sys yake, DSM_CONFIG kwenye dsm.opt yake, DSM_LOG kwenye folda ambayo mtumiaji anaruhusiwa kuandika. Ukisahau DSM_DIR, programu ya zamani inaweza kusoma mipangilio ya mpya, na utahangaika na hitilafu zisizo na kichwa wala miguu. Maktaba za API na GSKit nazo zisichanganywe: zitaje kwa LD_LIBRARY_PATH.

Yaweke haya kwenye skripti mbili fupi, moja kwa kila toleo, tuseme adm71 na adm81, wala si kwenye .bashrc, maana huko yataathiri kila kitu. Kisha ingia na usome mistari ya mwanzo: hutaja toleo la programu na la seva.