Maji Machafu ya Mvua Dodoma: Pa Kupata Fedha za Kuyasafisha

Mvua ya kwanza ya msimu ikishuka Dodoma, simama kwenye kalvati lililo chini ya eneo lenye gereji na sehemu za kuoshea magari. Maji ya mwanzo huja meusi, yametandwa na mafuta, yamebeba chupa za plastiki, nepi, mabaki ya sokoni na mchanga. Yanasomba kila kilichojilimbikiza kiangazi kizima. Kwa kawaida maji hayo ya mwanzo ndiyo machafu kuliko yote yanayofuata.

Fedha za kujenga mfereji zinapatikana. Mradi wa Miji ya Kimkakati, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ulijenga mifereji mikubwa hapa, na mradi wa TACTIC, wa kuboresha miundombinu ya miji, unaendeleza kazi ya namna hiyo katika miji 45 nchini. Kisichokuwa na mwenyewe ni gharama ya kusafisha kinachopita ndani ya mfereji. Mfereji mzuri unawaondolea mafuriko watu wa juu na kuwashushia uchafu watu wa chini. Kama wewe ni diwani, afisa mazingira, mhandisi wa jiji au mwenyekiti wa mtaa, na unataka kuziba pengo hilo, ushauri wangu ni huu: usianze kutafuta fedha za ujenzi. Anza na fedha za koleo, yaani za kuzoa kinachonaswa.

Mtambo wa kusafisha maji hayo unaofaa mji mkavu kama huu si wa ajabu. Ni wavu wa kuzuia taka ngumu, shimo la kunasa mchanga, kisha bwawa lisilo na kina kirefu lenye nyasi, ambapo maji hutulia kabla ya kuendelea na safari. Katika miezi mikavu bwawa hilo hukauka, kwa hiyo usikubali mchoro wa ardhi oevu inayohitaji maji mwaka mzima. Lakini shimo lisipozolewa msimu mmoja tu, limekufa: mchanga unajaa, maji yanapita juu, na uchafu wote ulionaswa unasombwa upya.

Piga hesabu mapema. Tuseme shimo lako linanasa mita za ujazo 15 na litajaa mara nne kwa msimu. Hizo ni mita za ujazo 60. Tipa la mita za ujazo 5 litakwenda safari 12. Ongeza vibarua, ada ya dampo, glovu na mabuti, uone jumla. Kiasi hicho kiingie kwenye bajeti ya matumizi ya kawaida ya jiji, kwenye kifungu kinachosomeka, kabla hujaandika barua hata moja kwa mfadhili. Mfadhili makini huuliza nani atazoa. Ukimwonyesha kifungu chenye fedha, mazungumzo yanabadilika. Kuna watakaopendekeza mchanga huo uuzwe kwa mafundi ili shimo lijilipie. Mchanga unaotoka chini ya gereji usiuzwe, una mafuta.

Kazi ya kuzoa inaweza kupewa kikundi cha vijana au wanawake. Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu, na kikundi kikijisajili kwenye mfumo wa ununuzi wa kielektroniki wa serikali, NeST, kinaweza kuomba kazi. Toroli na vifaa vinaweza kununuliwa kwa mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Ila mkataba utangulie mkopo. Msiwakopeshe watu vifaa vya kazi ambayo hawajahakikishiwa malipo yake.

Sasa ardhi, na hapa naomba usikimbie. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, viwanja vimepimwa kwa kasi kubwa, na mauzo yake yamekuwa chanzo kikubwa cha mapato ya jiji. Kila eneo tambarare kando ya korongo linalouzwa leo ni bwawa la kutulizia maji lililopotea, na kulirudisha kesho ni fidia, kesi na machozi. Kwa hiyo mchango wa kwanza wa jiji si lazima uwe shilingi. Uwe eneo lililochorwa kwenye ramani ya mipango miji, likawekwa mawe ya mpaka, likaandikwa kuwa la maji ya mvua. Lithaminishe, na thamani hiyo iandike kwenye andiko la mradi kama mchango wa jiji. Katika mitaa mipya, gharama ya shimo na bwawa iingizwe kwenye bei ya kiwanja pamoja na barabara.

Kwa ujenzi wenyewe, gawa kazi kulingana na mifuko. Mtego wa taka ulio kando ya barabara ya mtaa uzungumzwe na TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, barabara ikiwa bado kwenye usanifu. Palipo na majitaka ya vyoo yanayoingia mferejini, hiyo ni kazi ya DUWASA, mamlaka ya maji na usafi wa mazingira Dodoma. Kwa fedha za mabadiliko ya tabianchi, milango ipo nchini: Benki ya CRDB imeidhinishwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, limeidhinishwa na Mfuko wa Kuhimili Mabadiliko ya Tabianchi. Mifuko hiyo inataka hoja ya ukame na mafuriko, si ya usafi peke yake. Mradi wa Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, ulichanganya mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 na fedha za Uhispania na Uholanzi. Kuchanganya vyanzo kunawezekana.

Wengi wataitaja hatifungani ya kijani ya mamlaka ya maji Tanga ya mwaka 2024: shilingi bilioni 53.12, miaka 10, riba ya asilimia 13.5. Ni mfano wa kujivunia, lakini soma chanzo cha marejesho. Tanga inalipa kwa ankara za maji. Mfereji hauna ankara. Bila chanzo cha kudumu, usikope kwa njia hiyo.

Andiko lolote linahitaji vipimo. Chukua sampuli mwanzoni mwa mvua ya kwanza, nyingine katikati ya msimu, zipimwe mafuta, tope, vimelea vya kinyesi na madini ya risasi kwenye maabara ya maji ya serikali. Usidai kwamba mfereji wako unachafua visima vya Makutupora, vinavyolipatia jiji maji, kama huna ushahidi. Dai moja lisilothibitika huangusha andiko zima.

Kalenda inakusaidia. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mapendekezo ya bajeti hupikwa wakati mvua zinaendelea. Majibu ya sampuli ya Desemba yanaweza kuwa mezani madiwani wakikaa kupitisha bajeti, na kamati ya maendeleo ya kata iwe imekwisha kukipa kipaumbele kifungu cha kuzoa. Ikionekana fedha hazitoshi kwa mtambo mzima, omba wavu na shimo moja kwenye mfereji mchafu kuliko yote, na uandike kila tipa linalotoka pale: tarehe, ujazo, gharama. Daftari hilo la msimu mmoja ndilo utakaloambatisha kwenye ombi la mwaka unaofuata.